Hisa za jamii za asili kwenye miradi mikubwa: pesa ya kununulia inatoka wapi?

#1 NgongUpepo
Wakuu, salaam.

Kila mradi wa upepo au jotoardhi ukiingia kwenye ardhi ya wafugaji, wimbo ni ule ule: "jamii itapata 5%". Ukiuliza 5% ya nini, kila mtu anatazama viatu vyake. Ya hisa? Ya gawio? Ya mauzo? Au ya huruma ya mwekezaji?

Kule Kanada, mwaka 2022, jamii 23 za wenyeji wa asili, First Nations na Métis, za Alberta zilinunua 11.57% ya mabomba saba ya mafuta ya kampuni ya Enbridge kwa dola za Kanada bilioni 1.12. Wamenunua, hawakupewa. Na si kwamba walikuwa na bilioni wameificha chini ya godoro.

Dai langu: kinachotukwamisha sisi si ardhi wala siasa, ni kukosa chombo cha kuzikopesha jamii pesa ya kununua hisa. Mwenye hoja tofauti aimwage hapa. Ukabila tuuache mlangoni.

#2 mzee_wa_gridi
Dili la Alberta lilisimama kwa sababu moja, dhamana ya serikali ya jimbo. Wana shirika linaitwa Alberta Indigenous Opportunities Corporation, la mwaka 2019, na liliweka dhamana ya dola milioni 250 kwenye ununuzi huo. Shirika halimwagi pesa. Linamwambia mkopeshaji: hawa wakishindwa, njoo kwangu. Hapo mkopeshaji anaacha kupekua vitabu vya jamii, anapekua vya Alberta, na riba inashuka.

Ontario walikuwa na mpango wa namna hiyo tangu 2009. Serikali kuu ya Kanada ilifuata kwenye bajeti ya 2024 na dhamana za hadi dola bilioni 5, na 2025 ikapandisha kiwango hadi bilioni 10.

#3 Kokwa
Kumbe ni serikali tu. Uzi ufungwe, twende tukanywe chai.

#4 HesabuKwanza
Kokwa keti kwanza, chai haitaki haraka. Dhamana inafanya kazi gani hasa? Tuweke tarakimu za mfano.

Mradi wa Sh bilioni 20. Mabenki yanaleta 75%, wenye mradi wanaleta mtaji wa bilioni 5. Jamii inataka 20% ya mtaji huo, yaani Sh bilioni 1, na yote inakopa kwa miaka 20, malipo sawa kila mwaka. Tuseme mradi unatoa gawio la 13% ya mtaji, kwa hiyo fungu la jamii ni Sh milioni 130 kwa mwaka.

Bila dhamana, riba 14%: rejesho ni kama Sh milioni 151 kwa mwaka. Jamii inapungukiwa milioni 21 kila mwaka, yaani imenunua hasara.

Kwa dhamana, riba 9%: rejesho ni kama Sh milioni 109.5. Inabaki milioni 20.5.

Mradi ule ule, hisa zile zile. Tofauti yote imo kwenye riba. Na hiyo milioni 20 ndiyo ya basari, zahanati na visima mpaka deni liishe. Baada ya mwaka wa 20, milioni 130 yote inakuwa yao, kama mkataba wa kuuza umeme utakuwa bado hai. Mikataba mingi ya upepo ni ya miaka 20. Umeona mtego?

#5 Saruji_na_Nondo
#4 hesabu safi, lakini umeruka kipindi cha ujenzi. Gawio haliji siku unaponunua hisa. Miaka miwili na nusu ya kumwaga zege na kusimamisha minara hakuna senti inayotoka, na riba inaendelea kula. Bilioni 1 kwa 9% ikilimbikizwa miaka 2.5 inakuwa bilioni 1.24. Rejesho linapanda hadi milioni 136 hivi. Gawio lako ni 130. Dhamana unayo na bado umezama.

Ndiyo maana lile dili la mabomba limetulia: mabomba yalikuwa yanafanya kazi tayari, yana wateja wa mikataba mirefu, gawio linaanza mara moja. Kuingia baada ya ujenzi unalipa bei kubwa kidogo kwa hisa, lakini hatari ya ujenzi unamwachia aliyeizoea.

Anayedhani ujenzi haucheleweshi watu akumbuke Lake Turkana Wind Power. Mitambo 365 ya kW 850 kila mmoja, jumla MW 310, ilikuwa imesimama 2017. Njia ya umeme ya Loiyangalani hadi Suswa, zaidi ya kilomita 400, ikaja kukamilika Septemba 2018. Kosa halikuwa la mitambo. Kenya ikalipa fidia ya mabilioni kwa umeme usiosafirishwa. Jamii iliyokopa kwenye mradi wa aina hiyo bila kifungu cha fidia ingekuwa imeshauzwa.

#6 NgongUpepo
#5 basi ndiyo njia ya kati: haki ya kununua iandikwe mwanzoni kwa bei iliyokubaliwa, malipo yafanyike umeme ukishaanza kuuzwa.

#7 Saruji_na_Nondo
Inawezekana, ila bei ndiyo vita. "Bei ya soko siku hiyo" ina maana mwekezaji anakuuzia faida iliyotokana na ardhi yako. Iandikwe gharama halisi ya mtaji pamoja na riba ya kipindi cha ujenzi, basi. Na muda wa kutumia haki hiyo uwe mrefu, angalau miezi 12 hadi 24 baada ya kuanza kuuza umeme. Siku 60 hazitoshi hata kumpata mshauri wa fedha.

#8 wakili_wa_nyika
Mnaendesha gari kabla ya kuuliza ni la nani. Nani anasaini kwa niaba ya jamii?

Kwa Kenya, Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016, kifungu cha 36: mkataba wa uwekezaji si halali mpaka uidhinishwe na theluthi mbili ya watu wazima wa jamii, kwenye mkutano uliotishwa kwa jambo hilo, na akidi yenyewe (idadi ya chini ya wahudhuriaji) ni theluthi mbili. Kamati ya usimamizi wa ardhi ina watu 7 hadi 15. Kamati haitoshi. Wazee wawili na chifu hawatoshi. Na kama ardhi haijasajiliwa, kaunti inaishikilia kwa niaba ya jamii tu. Haina ruhusa ya kuiuza, na fidia yoyote inayolipwa inapaswa kukaa kwenye akaunti yenye riba mpaka jamii isajiliwe.

Hao hao Lake Turkana Wind Power: ekari 150,000, na Oktoba 2021 Mahakama ya Ardhi na Mazingira ya Meru ikasema hati zilipatikana kinyume cha utaratibu, ikatoa mwaka mmoja wa kurekebisha. Mradi ulikuwa umekamilika na mabenki yalikuwa yameshakopesha mamia ya mamilioni ya yuro. Kwa hiyo NgongUpepo, ulivyosema #1 kwamba tatizo si ardhi, sikubaliani nawe hata nukta. Ardhi ikiwa na kesi, hakuna wa kukukopesha wala wa kukudhamini.

#9 Kokwa
Wakili amekuja na rungu.

#10 BondeLaUfa
Kipeto je? Kajiado, mitambo 60, kama MW 100, inazalisha tangu 2021. Pale ardhi ni za familia zenye hati zao, wamekodisha, na juu yake kuna mfuko wa jamii wenye ahadi ya 5%. Hakuna aliyekopa. Halafu mlinganishe na Kinangop, MW 60, uliokufa 2016 kwa ugomvi na wenyeji kabla haujazalisha hata kilowati. Mimi naona kodi ya ardhi inayoingia moja kwa moja kwa mwenye hati ndiyo inatuliza watu. Hisa ni mapambo.

#11 DeniNiDeni
#10 umegusa penyewe, ila hisa si mapambo tu, zinaweza kuwa kiini macho. Hili nimeona wachache wanalisoma kwenye mikataba, kwa hiyo mnivumilie kidogo.

Wawekezaji wengi hawaleti mtaji wote kama hisa. Kwenye ule mfano wa HesabuKwanza, mtaji wa bilioni 5 unaweza kugawanywa hivi: Sh milioni 50 hisa za kawaida, bilioni 4.95 mkopo wa wanahisa (pesa ambazo wao wenyewe wanaikopesha kampuni ya mradi) kwa riba ya 12%. Jamii inapewa "5% ya hisa". Sasa mradi ukibaki na milioni 650 baada ya kulipa mabenki, riba ya mkopo wa wanahisa inachukua kwanza milioni 594. Zinabaki 56. Asilimia 5 ya 56 ni milioni 2.8. Mtaji ungekuwa hisa tupu, jamii ingepata milioni 32.5. Na hapo hawajaanza kurejesha mkopo wenyewe. Wakianza, hata hiyo 2.8 inayeyuka.

Hakuna aliyeiba. Ni muundo halali, una sababu zake za kodi na za kutoa pesa nje haraka. Dawa yake ni kufungamanisha: kila hisa moja inatembea na sehemu yake ya mkopo wa wanahisa, haiuzwi wala kupewa peke yake. Kwa hiyo jamii ikikopa, inanunua vyote viwili. Mtu akikuahidi asilimia, muulize kwanza: mkopo wa wanahisa ni kiasi gani, na sisi tumo?

Swali la pili ni la kuyeyushwa. Mradi ukihitaji pesa zaidi, wanahisa wanaitwa kuongeza. Jamii haina, basi 5% inakuwa 3%, kisha 1.2%. Mkataba useme fungu la jamii halishuki chini ya kiwango fulani, au nyongeza yao ilipwe na mwekezaji na kukatwa kwenye gawio la baadaye kwa riba iliyotajwa.

#12 HesabuKwanza
#11 hapo umenena. Niongeze foleni ya malipo, maana watu wanadhani gawio ni mauzo toa matumizi. Foleni iko hivi: matumizi ya uendeshaji, kodi, mabenki yaliyokopesha mradi, akaunti ya akiba ya deni (kawaida miezi sita ya rejesho), akiba ya matengenezo makubwa, ndipo wanahisa. Tena mabenki huweka kufuli: uwiano wa pesa iliyopo kwa rejesho la deni ukishuka chini ya kiwango walichokubaliana, tuseme 1.15, gawio halitoki hata kama pesa ipo kwenye akaunti. Mwaka mmoja wa upepo dhaifu, au mnunuzi wa umeme akichelewesha malipo, kufuli inashuka.

Mkopo wa jamii uko nyuma ya kufuli hiyo. Kwa hiyo lazima jamii nayo iwe na akiba yake, angalau rejesho la miezi 6 hadi 12, na pesa hiyo iingizwe kwenye mkopo tangu mwanzo.

#13 mzee_wa_gridi
Na hapo ndipo ninaposema aina ya mradi ni muhimu kuliko dhamana. Tazameni Wataynikaneyap Power, kaskazini-magharibi mwa Ontario. Njia ya umeme ya kilomita 1,800 hivi ya kuziunganisha jamii 17 zilizokuwa zinategemea jenereta za dizeli. First Nations 24 wana 51%, kampuni ya umeme ya Fortis na wenzake 49%. Njia ya umeme haijali upepo umevuma au haukuvuma. Mdhibiti wa nishati wa jimbo, Ontario Energy Board, anaidhinisha mapato: gharama zako halali pamoja na faida kwenye mtaji, na mtaji unahesabiwa 40% ya thamani ya mali. Gawio linatabirika, kwa hiyo deni la kununulia hisa linabebeka.

Mkopo kwa mradi wa kudhibitiwa bei na mkopo kwa mradi wa kubahatisha ni vitu viwili. Tukiiga dhamana bila kuiga aina ya mapato tutafilisi wafugaji.

#14 BondeLaUfa
#13 ulisahau kusema kwamba serikali kuu ya Kanada iliahidi dola bilioni 1.6 kwa njia hiyo hiyo mwaka 2018, na Ontario ikakopesha kwa ajili ya ujenzi. Ukiwa na ruzuku ya ukubwa huo, hata mimi ningemiliki 51%.

#15 mzee_wa_gridi
Sikusahau. Ruzuku ile ni ya kuwapunguzia wateja wa umeme makali ya bei, maana kilomita 1,800 kwa watu wachache haziwezi kulipwa na watu wachache. Bila ruzuku njia isingejengwa kabisa, iwe ya jamii au ya shetani.

#16 Kokwa
Kenya tuanze njia za umeme za ubia sasa? 2024 tulijaribu na Adani, kampuni ya India, mpango ukafutwa.

#17 DeniNiDeni
Kokwa usitupeleke huko, uzi utahamishwa jukwaa la siasa.

#18 mtaa_wa_mvuke
Mimi na #10 tuko boti moja, kwa sababu nyingine. Kwa nini jamii ikope inunue sehemu ya kitu kilichojengwa juu ya mali yake? Mrabaha, yaani fungu la thamani ya rasilimali yenyewe, unakatwa juu kabisa, kabla ya benki, kabla ya kufuli, kabla ya mkopo wa wanahisa. Sheria ya Nishati ya Kenya ya 2019, kifungu cha 85: mrabaha wa jotoardhi ni 1% hadi 2.5% kwa miaka kumi ya kwanza, kisha 2% hadi 5%. Mgawanyo: serikali ya taifa 75%, kaunti 20%, jamii 5%.

#19 HesabuKwanza
#18 tufanye hesabu kabla ya kushangilia. Thamani ya mvuke kisimani Sh bilioni 10, mrabaha wa juu wa kipindi cha kwanza 2.5% ni milioni 250. Jamii inapata 5% ya hiyo: milioni 12.5. Yaani 0.125% ya thamani. Uhakika ni mkubwa, lakini sahani ni ndogo. Ugomvi wako uwe na ile 75%, si na hisa.

#20 mtaa_wa_mvuke
Ugomvi ninao na vyote viwili.

Ila kama ni jotoardhi, mfano wa kuiga ni New Zealand. Mtambo wa Mokai, MW 112, unamilikiwa 75% na Tuaropaki Trust, amana (chombo kinachoshikilia mali kwa niaba ya wenyewe) ya Wamaori, wenyeji wa asili wenye ardhi ile, na 25% na kampuni ya umeme ya Mercury. Haukujengwa kwa mkupuo. Walianza 2000 na MW 55, wakaongeza 2005, wakaongeza tena baadaye. Awamu ya kwanza ikishalipa, inasaidia kubeba deni la pili. Na mvuke wao unapasha moto kiwanda cha maziwa cha Miraka jirani, kwa hiyo hawategemei mnunuzi mmoja wa umeme. Ardhi yenyewe ni ya Kimaori chini ya sheria ya 1993, ngumu sana kuuzwa. Hakuna aliyeiweka rehani ili awe tajiri.

#21 wakili_wa_nyika
Hilo la rehani ndilo linalofanana kote. Kanada, kifungu cha 89 cha Indian Act, sheria ya nchi kuhusu jamii za First Nations, kinazuia mali iliyo ndani ya maeneo yao yaliyotengwa isikamatwe wala kuwekwa rehani kwa mtu asiye wa jamii hizo. Kinawalinda, na hapo hapo kinawafungia mlango wa benki. Dhamana za serikali zilizaliwa kuziba pengo hilo.

Kwetu: Katiba ya Kenya, ibara ya 213, na Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, kifungu cha 58. Hazina inaweza kudhamini mkopo, Bunge liidhinishe, mkopo uwe wa mradi wa maendeleo, na mkopaji akiwa wa binafsi lazima alete usalama wa kutosha. Amana ya jamii ni mkopaji wa binafsi. Usalama wake ni nini? Ardhi ya jamii? Hakuna mwenye akili atakayeiweka. Hisa zenyewe? Zimeshikwa na mabenki yaliyokopesha mradi tangu siku ya kwanza. Mnaona mduara. Chombo anachokidai NgongUpepo hakihitaji tu pesa, kinahitaji sheria yake.

#22 NgongUpepo
Wakili, kuna njia ya tatu ambayo haigusi ardhi wala Hazina: First Nations Finance Authority. Iko chini ya sheria ya 2005. Jamii nyingi zinakopa kwa pamoja, shirika linatoa hati fungani sokoni kwa jina moja. Hati ya kwanza ilikuwa ya dola milioni 90, mwaka 2014. Utaratibu wake, kwa kifupi:

Kwanza jamii inapitishwa na bodi nyingine tofauti, First Nations Financial Management Board, inayokagua vitabu na kanuni zake za fedha. Kisha inataja mapato ya kulipia: kodi za pango, mgao wa michezo ya bahati nasibu, mapato ya biashara. Mapato hayo hayapiti mikononi mwa viongozi. Mlipaji anayapeleka moja kwa moja akaunti ya amana, rejesho linakatwa, salio ndilo linarudi kwa jamii. Na 5% ya kila mkopo inabaki kwenye mfuko wa akiba. Mfuko ukitumika, wakopaji wote wanaitwa kuujaza.

Ndivyo Wamikmaki, jamii ya asili ya mashariki mwa Kanada, walivyopata dola milioni 250 kwa miaka 30, wakaingia kununua kampuni ya samaki ya Clearwater, dili la bilioni 1 lililofungwa 2021.

#23 DeniNiDeni
#22 vizuri, sasa taja mapato ambayo jamii ya Loiyangalani (kwenye upepo) au Olkaria (kwenye jotoardhi) itayapeleka kwenye amana. Chombo cha Kanada kinasimama juu ya mapato yaliyokuwepo tayari. Mkopo haujidhamini wenyewe kwa mapato ambayo bado haujayazaa.

#24 NgongUpepo
Mrabaha wa kifungu cha 85 ambao #18 ameutaja. Kodi za ardhi kama za Kipeto. Ada za hifadhi za wanyama. Peke yake kila moja ni ndogo, zikiunganishwa na jamii kumi zinakopesheka.

#25 DeniNiDeni
Milioni 12.5 ya HesabuKwanza inabeba deni la kama milioni 114 kwa 9% miaka 20, kama hutaacha hata shilingi ya zahanati. Kwenye mtaji wa bilioni 5 hiyo ni 2.3%. Na hapo mrabaha uwe unalipwa kwa wakati.

#26 Mkwavi_Mpole
Naombeni kuuliza, maana wote mnasema "jamii" kana kwamba ina kitambulisho. Loiyangalani kuna Waturkana, Wasamburu, Warendille na Waelmolo. Waelmolo ni wachache kabisa. Hisa zinagawanywa kwa vichwa, kwa ardhi au kwa koo? Afrika Kusini kwenye mnada wa umeme jadidifu uliozinduliwa 2011 waliweka mduara wa kilomita 50 kutoka kwenye mradi, umiliki wa wenyeji usipungue 2.5%. Matokeo: aliye kilomita 49 anapata, wa 51 anatazama. Na amana nyingi zilinunua hisa kwa mikopo ya mashirika ya maendeleo, miaka ya kwanza gawio likaenda kulipa deni, watu wakadhani wasimamizi wa amana wamekula.

#27 wakili_wa_nyika
Dada/kaka #26, swali lako ndilo linalovunja amana kuliko riba. Hati ya amana itaje majina ya makundi, kanuni ya mgao na namna ya kuibadilisha, kabla pesa ya kwanza haijaingia. Pesa ikishaingia hakuna anayekubali kupunguziwa. Kundi dogo lipewe kiti kwenye bodi na fungu la chini lisiloguswa, halafu salio ligawanywe kwa vichwa. Msimamizi mmoja wa amana awe wa nje, mwenye taaluma. Na mgao wa mpito uwepo: sehemu ndogo ya gawio, tuseme 15%, itoke kwa jamii kila mwaka hata deni likiwa halijaisha. Mkopeshaji atalalamika. Alalamike, bora yeye kuliko mkutano wa hadhara.

#28 HesabuKwanza
15% ya milioni 130 ni 19.5. Kwenye mfano wangu wa #4 inaingia kwa ncha ya ukucha, zinabaki milioni moja. Kwenye wa Saruji #5 haiingii kabisa.

#29 Saruji_na_Nondo
Ndiyo maana nilisema wanunue baada ya ujenzi.

#30 mzee_wa_gridi
Na ndiyo maana nilisema wasinunue upepo.

#31 mtaa_wa_mvuke
Wala wasinunue kwa deni.

#32 Kokwa
Chai imepoa. Wakili, hiyo theluthi mbili ya watu wazima, mfugaji aliyehamia na ng'ombe kutafuta malisho kilomita 200 anahesabiwa vipi kwenye akidi?

#33 wakili_wa_nyika
Anahesabiwa kama yupo kwenye rejista ya jamii, awe karibu au mbali, kwa hiyo msimu wa kiangazi akidi haitimii. Pangeni mkutano wakati wa mvua, mifugo ikiwa imerudi. Kuna mikataba iliyosainiwa Februari ambayo siku moja itasomwa mahakamani kwa sababu hiyo tu.